Sabato ya Jumatano

Jumamosi, 18 Oktoba 2025. Suna.

"Jua la Bwana ni moja. Aliyeishika Sabato Migori ataishika hata juu ya theluji." Hivyo ndivyo alivyosema Cephas leo mimbarani, huku ananitazama mimi. Kanisa zima likasema amina.

Uongo! Nimengoja Sabato itoke ndipo niandike, maana hasira ni kazi nzito na leo haikuwa siku ya kazi.

Cephas ni kaka mkubwa wa mume wangu, mzee wa kanisa, na hajawahi kuvuka Nairobi. Jua la kule amelijulia wapi? Sabato huingia jua linapozama Ijumaa, hutoka jua linapozama Jumamosi. Tumefundishwa hivyo tangu tunanyonya. Sasa anijibu: kule kaskazini mwa Finland anakotaka twende, Desemba jua halichomozi kwa wiki nyingi. Lisilochomoza litazamaje? Na Juni halizami kabisa! Linazunguka tu angani kama mbuzi wa kamba. Sabato ya Juni itaingilia mlango gani?

Nilimuuliza nje, mbele ya akina mama wa kwaya. Akacheka. "Mama Joy, wewe ungebishana hata na Musa."

Ningebishana naye, ndiyo. Musa angalau alikuwa na jua.

Lakini si jua linaloniuma. Humu daftarini hakuna wa kumshinda, basi niseme. Mokaya yuko kule tangu Januari, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Vibali vyetu vimetoka: mimi, Joyline, Mokua. Visipotumika kabla ya mwaka kwisha, vinakufa. Joyline ana miaka kumi na sita na hasemi anachotaka. Mokua ana tisa, na siku hizi humwita babake "yule wa simu". Hilo peke yake lingetosha kunipandisha ndege.

Ila kuna Mama, Rusinga. Miaka themanini na moja, macho yamejaa ukungu. Kibali ni cha mke na watoto. Mama wa mke si familia. Nimeisoma sheria yao tena na tena nikitafuta pa kuishambulia, na haina ufa. Familia isiyo na mama! Watu walioandika hilo walizaliwa na nani?

Bado sijamwambia.


Jumatatu, 20 Oktoba

Nyamongo wa hesabu amebandika makala yangu ya mwaka juzi kwenye ubao wa chumba cha walimu. Ile ya "Muuguzi si mahindi ya kuuza nje". Chini yake kwa kalamu nyekundu: NA MWALIMU JE?

Wakacheka wote. Nikasimama nikasema kila neno pale bado ni kweli: serikali inayosomesha muuguzi, ikamwacha barabarani miaka mitano, kisha ikampigia makofi uwanja wa ndege, ni serikali ya madalali. Kuondoka kwangu hakuifutii dhambi hiyo. Kunaiongeza!

Nyamongo akangoja nimalize. Akauliza kwa upole kama koti nimenunua.

Nimenunua. Mtumba, sokoni hapa Suna. Zito kama godoro, ndani lina manyoya. Kijana aliyeniuzia alilipiga vumbi akasema, "Madam, hili lilikuja na meli, sasa linarudi kwao na ndege. Limetupita cheo." Nilicheka hadi nikashika meza yake. Kisha nikagundua kwamba machozi yale si ya kicheko.


Ijumaa, 24 Oktoba

Mokaya alipiga mchana. Baada ya habari za watoto akashusha sauti kama mtu aliyeiba. Jumapili iliyopita walimkaribisha chakula, wakampa nyama ya kulungu wao wa theluji, yule mwenye pembe kama matawi. Akaomba ruhusa kwenda msalani. Huko msalani akampigia Cephas, saa ya Cephas ya kulala mchana, amuulize: mnyama huyu anacheua? Kwato zimepasuka? Cephas naye hajui. Wakabishana huku chakula kinapoa. Mwishowe akamuuliza mwenyeji mwenyewe kwa ishara za mdomo na vidole. Anacheua! Zimepasuka! Akala. "Mtamu, Mama Joy. Ila jirani yangu alikuwa anakula chapati za damu."

Kahawa, tunayokatazwa kanisani, ameinywa. Alikiri bila kuulizwa. Kuna bibi mmoja anayemwogesha, watoto wake wako mbali kusini, hawaji. Bibi huyo humiminia kila mtu kahawa na anayekataa humlilia. "Nifanye nini? Nimwambie imani yangu kwa lugha gani?"

Nikamuuliza makanisa. Lipo moja, zuri, lina joto, mnara wake unaonekana toka mbali. Kila mshirika wake anakatwa kodi ya kanisa kwenye mshahara, na Jumapili ndani wanaketi watu kumi. Wanabatiza watoto wachanga, wanazika, basi. Wengine wa huko vijijini ni wakali kuliko Cephas, hawana hata televisheni. Waadventista wako watano na yeye wa sita. Wanakutana chumba cha kukodi juu ya duka la rangi. "Na Desemba Sabato mnaifungua lini?" Akasema watakubaliana saa.

Watakubaliana! Sabato ya azimio la kikao!

Saa kumi na mbili na nusu Mama akapiga, kama kila Ijumaa.

Naiandika desturi hii nisije nikaisahau kule. Kwetu anayefungua Sabato ni aliye mkubwa kuliko wote. Baba alipokufa ikabaki kwa Mama. Yeye hukaa kigodani, mgongo ukutani kwa jiko lake, uso upande wa ziwa linakozama jua. Tangu macho yamkatae hasikilizi tena mtu, anasikiliza mabati. Mchana kutwa bati la jiko limevimba kwa joto. Jua likizama linapoa, linaanza kulia: ta... ta, ta. Hapo anamwambia kaka yangu Dishon abonyeze simu.

"Wajukuu. Imeingia. Mko tayari?"

"Tuko tayari, Dani!"

Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki, lakini nyumba hii baba ni Mkisii na mama ni Mjaluo, basi tumekutana katikati na yeye akatufuata huko katikati. Anaimba ubeti mmoja. Tunaitikia. Anaomba: ng'ombe, mvua, mimi, Mokaya kwa jina, hata wale wazungu anaowaogesha. Anakata bila kuaga, maana kuaga ni maneno ya siku za kazi.

Mokua huchana nywele kwa simu hiyo. Dani, bibi yake, hamwoni! Lakini anachana.


Jumapili, 26 Oktoba. Rusinga.

Nimemwambia.

Nilimsuka kwanza. Kila nikija namsuka mistari, nywele zake sasa ni nyembamba kama za mtoto mchanga. Nilipofika nyuma ya sikio nikasema: Mama, Mokaya ametuita. Wote. Desemba.

Kichwa hakikusogea. Alisema mke hufuata moto wake; naye alifuata, akaolewa kisiwa asichokijua, mvua inanyesha, hakuna hata daraja la Mbita wakati ule. Akanibariki kwa Kijaluo, neno kwa neno, bila kutetemeka. Mimi ndiye niliyeangusha kitana.

Kisha akauliza: "Huko jua linazama saa ngapi?"

Nimebishana na wabunge redioni. Nimemnyamazisha mkurugenzi mzima wa elimu mbele ya wazazi.

"Mapema, Mama," nikasema.

"Vizuri. Mtapika mapema."


Jumatano, 5 Novemba

Saa tisa alasiri. Niko darasani na kidato cha nne, marudio ya mtihani. Simu: Mama. Nikadhani ni msiba, nikatoka mbio.

"Wajukuu. Imeingia. Mko tayari?"

Nilisikia mvua nyuma yake. Mvua kubwa ya ziwani, ile inayokuja na upepo. Nikaelewa nusu: bati limepoa ghafla, limelia, limemdanganya. Nusu hiyo ingekuwa ya kuchekesha. Lakini leo ni Jumatano.

Na mimi, mwalimu kwa miaka ishirini na tano, nikafanya kinachofanywa na mwalimu. Nikasahihisha. Nikasema, tena kwa sauti ya darasani, "Mama, leo ni Jumatano. Na saa tisa bado."

Mvua tu.

"Jumatano?"

"Jumatano, Mama."

"Basi nimemchukulia Mungu siku isiyo yake."

Akakata. Nilirudi darasani nikafundisha sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia. Sijui nilisema nini.


Ijumaa, 7 Novemba

Hakupiga.

Tuliketi sebuleni tumeoga. Chakula kimefunikwa. Joyline alizima televisheni ya jirani kwa macho tu, akaenda kufunga dirisha. Jua likazama. Mokua amechana nywele. Giza likaingia. Hakuna aliyewasha taa, maana taa huwashwa baada ya amina ya Mama.

Nikampigia Dishon. Akaenda mbali na jiko ndipo aseme. Mama alishinda akiuliza, ni leo? Ni leo, Mama. Baada ya dakika, ni leo? Bati lilipolia akamwambia asibonyeze. "Anaogopa kugombezwa, dada."

Sikumgombeza! Nilimwambia ukweli!

Mokua aliuliza kama sasa ni Sabato au bado. Nilimwambia ndiyo. Hakuniamini.


Jumapili, 9 Novemba. Rusinga.

Nilikwenda kuomba msamaha. Hakujua wa nini. Hiyo simu ya Jumatano haipo tena kichwani mwake. Hofu imebaki, chanzo chake kimekwenda. Kumbe hofu inaweza kukaa peke yake!

Na Desemba haipo. Nilitaja safari kama jambo la kawaida, nikimweleza kwamba nguo za Joyline nitamwachia binti wa Dishon. Akageuza uso.

"Safari gani?"

Basi nikamwambia mara ya pili. Maneno yaleyale. Nilidhani nitabarikiwa tena. Alilia. Alilia kwa sauti, kama msibani, mikono kichwani, hata Benta, mke wa Dishon, akaja mbio na kisu cha samaki mkononi. "Nani amekufa?" Mama akasema, "Phele. Phele amekufa." Na mimi Phele nimesimama mbele yake!

Baada ya saa moja aliomba chai ya mchaichai, akaniuliza kama shule zimefungwa.

Dishon alinisindikiza hadi barabarani. Hasemi sana, ni mtu wa mihogo na nyavu. Alisema, dada, usimwambie tena. Nikamjibu mtu mzima ana haki ya kujua anaachwa. Nimeandika hivyo, nimesema hivyo redioni, wagonjwa wana haki, wazee wana haki, kumficha mtu ukweli ni kumzika mapema. Akasikiliza yote. Akasema:

"Ni kweli. Lakini wewe unamwambia halafu unarudi Suna. Mimi ndiye ninayebaki na huyo aliyeambiwa."


Ijumaa, 14 Novemba

Hakupiga.


Ijumaa, 21 Novemba

Hakupiga. Tulifungua wenyewe. Joyline aliomba. Aliombea ng'ombe.


Jumatatu, 24 Novemba

Mokaya amefika kutuchukua. Mwembamba, mweupe kidogo usoni, ana harufu ya sabuni nisiyoijua. Mokua alijificha nyuma ya mlango, akamtazama miguu, kisha mikono, kisha akaja polepole akamgusa kitambaa cha shati. Hapo ndipo nilipojua kwamba tutaondoka. Hata kama nitasema nini, tutaondoka.

Jioni alitusimulia. Theluji hailii inapoanguka, ndilo lililomshangaza, amezoea mvua ya mabati. Mwanzo wa Novemba watu walikwenda makaburini wakaacha mishumaa, maelfu, inawaka juu ya theluji mpaka ukungu ukawa wa rangi ya chungwa. Watu wale wale wasioingia kanisani! Hawasali, hawaimbi. Wanawasha, wanasimama, wanarudi nyumbani. "Niliogopa," alisema. "Kisha bibi yangu wa kahawa akanipa wake niubebe."

Na habari ya sauna: mkubwa wake wa kazi alimwalika chumba cha mvuke, akakuta humo mzee na mkwe wake wamekaa benchi moja. Uchi! Mkwe na mkwe! Mokaya, Mkisii ambaye tangu anioe hajawahi kula mbele ya Mama wala kukalia kiti chake, alisimama mlangoni na taulo hadi akakohoa. Joyline alicheka akaanguka. Cephas hajaambiwa.

Nilimweleza kuhusu Mama. Aliuliza tu kama jiko lile bado ni la bati lilelile.


Jumatano, 26 Novemba



Saa nane na nusu. Mvua Suna, kwa hiyo mvua na ziwani. Mimi nimo jikoni nakaanga omena, mafuta yanaruka. Watoto wameshafunga shule, wanapanga masanduku. Simu yangu ikalia mezani, Mokaya akaichukua.

Nilisikia sauti ya Mama, ndogo, ya mtu anayegonga mlango asio na uhakika nao.

"Wajukuu. Imeingia...?"

Iliishia juu. Lilikuwa swali. Hajawahi kuuliza, miaka yote.

Nikaacha mwiko. Nikanyoosha mkono anipe simu. Mokaya akasimama. Akavua kofia. Huyu ndiye mtu aliyetaka kumfukuza mhazini wa kanisa kwa kuuza sukari robo saa baada ya jua la Ijumaa kuzama! Akasema:

"Imeingia, Mama. Tuko tayari."

Akawaita watoto kwa mkono. Joyline akaniangalia mimi, akamwangalia baba, akaweka chini alichoshika. Mokua alikimbilia kitana. Jua lilikuwa juu ya mvua, Jumatano, saa nane na nusu, na omena zinaungua. Mama akaimba. Sauti yake ilianza chini, ikapanda, ikawa ya Mama. Wakaitikia wote watatu. Mimi sikuitikia. Nilizima jiko.

Akaomba: ng'ombe, mvua, mimi, Mokaya, wazungu. Akakata bila kuaga.

Nilimrukia Mokaya. Kwamba amemdanganya mgonjwa. Kwamba amedanganya kwa jina la Sabato, mzee mzima wa kanisa kama kakake, mbele ya watoto. Kwamba wiki ijayo Mama akiifungua Jumanne, je? Nilikuwa na hoja nzuri. Zilikuwa nzuri sana.

Alingoja kama Nyamongo. Kisha akasema kwetu mkwe akisema imeingia, imeingia. Na tena akasema, Mama Joy, kule chumbani juu ya duka la rangi, kwa mawingu ya mwezi huu huwezi kujua kama kumekucha au kumekuchwa. Tunakaa. Tunamtazama Bibi Aili, ndiye mkubwa wetu. Anatazama dirisha ambalo halina kitu. Anasema, sasa. Tunaimba.

"Kwa hiyo Cephas alisema kweli?" nikauliza.

"Cephas hajui lolote," alisema. Akaenda akakaa. Amesema hafungi sanduku hata moja hadi jua la kesho lizame.

Cephas hatalisikia hili kutoka kwangu.


Ijumaa, 28 Novemba

Amepiga! Saa kumi na mbili na nusu, siku yenyewe, bila swali. Mokua alipiga kelele "Tuko tayari" kabla hajaulizwa.


Jumapili, 30 Novemba

Masanduku manne. Vitabu vyangu vinabaki kwa Nyamongo, ambaye amekuja kuvichukua na mkokoteni, akajifanya anakohoa. Aliniuliza nani sasa atamkosea adabu kila asubuhi. Nilimwambia ajikosee mwenyewe, ana kipaji.

Joyline alinisaidia kukunja lile koti. Nikasema Alhamisi tunakwenda Rusinga wote, na safari hii nitamwambia Dani mara ya mwisho, vizuri, mbele ya wote, ili ajue. Hakuinua macho. Akasema:

"Ili ajue, ama ili wewe ujue umesema?"

Huyu mtoto nimemlea mimi. Nimemfundisha mimi kuuliza hivyo.


Alhamisi, 4 Desemba. Rusinga.

Tumefika wote. Mama amemshika Mokaya viganja, akasema ni baridi, wazungu hawamlishi. Amemkagua Mokua kwa vidole: masikio, meno, kovu la goti. Amefurahi hivi kwamba Benta amejificha ghalani akilia.

Masanduku tumeyaingiza kwa Dishon, mlango tumeurudisha. Kana kwamba angeyaona!

Jumapili alfajiri gari linakuja kutupeleka Kisumu. Nimebishana na Dishon mpaka chakula kikaisha. Nilisema siwezi kuondoka kama mwizi. Akasema basi mwambie, dada, lakini mwambie ukiwa umekaa, na ukishamwambia usiondoke.

Hakuna aliyewahi kunishinda kwa maneno machache hivyo.


Ijumaa, 5 Desemba. Rusinga.

Maandalizi. Tumefagia ua wote, hadi chini ya ghala. Joyline amepiga pasi. Mokua amepaka rangi viatu vya kila mtu, hata kandambili za Dishon, sasa zinang'aa kama za waziri. Mokaya amechota maji, madumu kumi, mtu angedhani tunaishi hapa. Samaki wa ngege amepikwa na kufunikwa. Redio ya Dishon bado inaimba.

Nilikuja kigodani kwa Mama saa kumi, nimejiandaa. Nimekaa chini, kama Dishon alivyosema. Nimeshika goti lake. Nilikuwa na sentensi ya kwanza, fupi, safi, isiyo na mlango wa nyuma. Nikavuta pumzi.

Akanitangulia. "Phele, kichwa changu kimekuwa kiota cha ndege. Jumapili utanisuka?"

Jumapili. Kati ya siku zote.

Nilimtazama macho yake, meupe, yametulia, yameelekea ziwani. Ana furaha. Hana hofu hata chembe, ile niliyompa mimi imeondoka. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni, ilikuwa kweli, kila neno.

"Ndiyo, Mama."

Nimesema mimi. Mdomo huu.

"Mapema. Kabla jua halijawa kali."

"Mapema, Mama."

Mokaya alikuwa amesimama na dumu. Akaliweka chini polepole, akaenda nyuma ya nyumba.

Sasa ninaandika na daftari liko pajani. Mkono wangu wa kushoto ameuchukua, ameuweka kwenye mapaja yake, anausugua kidole kwa kidole kama anauhesabu. Ukuta nyuma yetu bado una moto. Bati halijalia. Watoto wanakuja mmoja mmoja, wanakaa mkekani. Mokua amelowesha nywele.

"Unaandika nini?"

"Barua, Mama."

"Ya nani?"

"Ya Dishon."

"Dishon si yule pale?" Akacheka. "Muite tu!"

Siwezi kumwita. Nitaichana karatasi hii nimwachie.

Dishon. Na wewe, Benta, uliyeolewa ukaachiwa mama asiye wako. Nimeagiza watu maisha yangu yote na hawakutii. Nyinyi tiini. Akisema imeingia, imeingia. Iwe Jumatano, iwe saa nane, iwe ni mvua imelidanganya bati. Zima redio. Weka jembe chini. Bonyeza namba yetu bila kuuliza ni siku gani kwetu wala ni giza la aina gani. Tutakuwa tumeoga, tutaitikia. Asisahihishwe na mtu. Na Jumapili, Benta, msuke. Mapema, kabla jua halijawa kali. Akikuita Phele, itika.